Tofali la Kwanza

Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea chai bibi yangu, mama yake mama, aliyelazwa wodi namba mbili ya hospitali yetu ndogo. Watu walimwita Bi Mkasi, kwa kuwa alikuwa mkunga na alikata vitovu vya nusu ya mtaa, changu kikiwemo. Mimi darasani naitwa Kasuku, maana nasoma kwa sauti bila kukwama.

Hospitali ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Mwalimu wa historia alinipa kazi ya kuandika ilivyoanza na kuisoma mbele ya wageni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema, akanisisitiza nimuulize bibi. Bibi naye kila asubuhi aliniuliza kama leo tunaanza, nami kila asubuhi nilikuwa na haraka. Jioni moja kabla ya sherehe nilinakili maneno ya kibao cha mlangoni, nikatia chumvi kidogo, basi.

Siku yenyewe bibi aliomba avalishwe sare yake ya zamani, kitanda kikasogezwa dirishani. Nilisoma kwenye kipaza sauti kwamba hospitali ilijengwa na mfadhili aliyeleta mabati. Watu walipiga makofi. Nilipoinua macho, dirisha la wodi namba mbili lilikuwa limefungwa.

Nilimkuta amegeukia ukutani, bado amevaa sare. Nilimwomba radhi. Aliniambia nichukue kalamu.

"Mabati yaliletwa, ni kweli. Yaliezekwa juu ya nini?"

Akanieleza kwamba mwanzoni palikuwa na chumba kimoja cha udongo. Kila mama aliyejifungua hapo alirudi na tofali moja, na aliyezika mtoto pia alileta lake. Waliyakusanya kwa miaka sita.

"La kwanza nililileta mimi," alisema. "Mwanangu hakuwahi kulia. Nilitaka uwaambie watu hilo wakiwa wamekaa wote."

Niliyoandika nilimpelekea matroni, mkuu wa wauguzi. Alikubali historia mpya itundikwe chini ya kibao, akaniamuru niisome. Lakini wageni walikwisha kuondoka, viti vimerudishwa. Niliisoma kwenye korido, mbele ya wagonjwa wanane, mfagiaji, na bibi kwenye kiti cha magurudumu. Nilipofika kwenye tofali la kwanza, sauti yangu ya kujivunia ilikwama. Niliona aibu mno.

"Uvivu wako ulisikika na mtaa mzima, Kasuku," matroni alisema. "Ukweli umesikika na watu kumi. Anayeandika habari za watu bila kuwauliza, huwazika wangali hai."

Bibi aliomba arudishwe kitandani. Nilipomsukuma kupita kona ya wodi, alinigusa mkono nisimame, akaonyesha chini kabisa, karibu na sakafu.

"Lipo pale," alisema.