Kumi na Saba Kiganjani

Mwalimu Machibya alikutwa asubuhi chini ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, Mkolani, fuvu limepasuka. Juu ya mwamba aliacha namba ndefu kwa chaki: 333,333,331. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa ameandika kwa kalamu: 17.

Kabla ya mchana majirani walishapata muuaji. Mzee Kija, aliyekuwa akigombana na marehemu juu ya mpaka, anakaa kiwanja namba kumi na saba. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Inspekta Evelina Ngosha alimtia kwenye gari, zaidi kumwokoa kuliko kumkamata.

"Jana nililala msibani Busisi, afande," Kija alisema. "Waulize."

Waliulizwa. Alisema kweli.

Evelina akamwendea Alexander, mwalimu kijana wa hesabu, ambaye marehemu alimfundisha tangu kidato cha kwanza. Ndiye aliyeonekana naye mwisho.

"Tulikuwa tunaongelea ugunduzi wangu," alisema, macho mekundu kwa kulia. "Kuna namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Chukua 31, halafu 331, halafu 3,331. Ongeza tarakimu 3 mbele kadiri utakavyo, namba inabaki tasa. Wiki ijayo naenda kuuwasilisha chuo kikuu."

"Na ile ya mwambani?"

"Ni ya nane katika mfuatano. Saba za kwanza zote ni tasa. Jana mwalimu aliikagua hiyo, akaniambia nayo ni tasa, akanipa mkono. Niliondoka jua halijazama."

Njiani Evelina hakutulia. Kama kumi na saba si kiwanja, ni nini? Alisimamisha gari, akatoa simu, akaigawanya ile namba ndefu kwa kumi na saba. Jibu: 19,607,843. Hakuna kilichobaki. Akarudia. Ikawa vilevile.

Jioni alimkuta Alexander sebuleni kwa marehemu, ameushika mkono wa mjane, Rose. Evelina akamwomba kijana watoke nje.

"Yasemwe hapa hapa," Rose alisema.

"Uliniambia alikupongeza," Evelina alimwambia kijana. "Mwalimu alishaona kwamba namba yako inagawanyika kwa kumi na saba. Aliiandika kiganjani. Angekupongezaje?"

Alexander aliinamisha kichwa.

"Mwaliko wa chuo ulishasomwa mbele ya shule nzima. Baba yangu alishaita ukoo kusherehekea. Nilimwomba anyamaze tu mpaka nirudi. Akasema uongo wa hesabu hausubiri, atawapigia chuo yeye mwenyewe. Nikamsukuma."

"Alikufa palepale?" Rose aliuliza.

"Hapana, mama. Aliita. Nilisimama kule juu nikimsikia, mpaka akanyamaza."

Rose akauchomoa mkono wake taratibu.

"Alikuitaje?"

Alexander alijibu bila kumtazama.

"Mwanangu."