Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Keki

Assia, msichana wa darasa la sita, alikuwa na tabia moja iliyowashangaza watu wa mtaa wa Buyenzi: alisoma huku akitembea. Akitoka shuleni alipita mbele ya karakana za magari, kitabu kikiwa kimefunguliwa mbele ya uso wake, na mafundi walikuwa wameshazoea kumwondolea matairi njiani asijikwae. Hata hivyo alijikwaa karibu kila siku. Akifika nyumbani alivua sare, akanawa mikono na kuingia jikoni kumsaidia bibi yake.

Bibi Mahfudha alijulikana mtaa mzima kwa mikate yake ya mchele. Hakuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Unga aliupima kwa konzi, chumvi kwa ncha za vidole, na moto aliupima kwa kusogeza kiganja karibu na sufuria. Kurani aliisoma vizuri sana, lakini herufi za shuleni hakuwahi kufundishwa, na hilo halikumnyima usingizi.

Mwezi ule darasa la Assia lilipata sanduku la vitabu vya hadithi. Mwalimu wao, Madamu Spès, alieleza masharti bila kuzunguka. Kila mwanafunzi angekaa na kitabu siku nne na kukirudisha kikiwa kizima. Kitabu kimoja kikiharibiwa, mkurugenzi wa shule angelifungia sanduku lote ofisini kwake hadi mwisho wa mwaka.

Assia alipata kitabu kuhusu mtoto aliyeitwa Tunu, aliyeishi katika jengo la ghorofa ambalo majirani zake hawakusalimiana. Siku moja Tunu alioka keki ya ndizi, harufu ikapanda ngazi, na milango ikaanza kufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Assia alikisoma mara tatu, na kila mara mate yalimjaa mdomoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maelezo ya kuoka keki ileile.

Asubuhi ya kurudisha kitabu, Assia aliutazama ukurasa huo. Kuunakili kungemchukua robo saa. Lakini kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kusoma, ndivyo alivyokuwa mvivu wa kuandika. Basi akauvuta polepole mpaka ukatoka, akauweka juu ya mfuko wa unga jikoni. Alijiambia kwamba hakuna atakayejua, maana hadithi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Mchana aliporudi, ukurasa haukuwepo. Bibi alikuwa ameshawasha imbabura, jiko lake la mkaa, na kama kawaida yake alikuwa amewashia karatasi ya kwanza iliyomfikia mkononi.

“Ile ya kwenye unga?” Bibi alisema alipoulizwa. “Imeshika moto vizuri. Kwani ilikuwa ya nini?”

Assia akajibu kwamba ilikuwa ya shule tu, akaenda kumenya vitunguu.

Kitabu alichokirudisha asubuhi ile alikuwa amepewa Fabiola, aliyeketi naye dawati moja. Fabiola alikuwa amesikia habari za keki hiyo kutoka kwa Assia mwenyewe, naye alitaka kumwokea mama yake aliyekuwa amejifungua juzi. Kesho yake alifungua ukurasa wa mwisho, akakuta ukingo wa karatasi uliochanika. Akampelekea Madamu Spès.

Mwalimu aliuliza darasa zima ni nani aliyechana ukurasa. Alisema yeye hamshutumu mtu, ila jambo lisipojulikana kabla ya Ijumaa, sanduku litaondoka. Nyuma ya darasa wavulana wakaanza kunong’ona kwamba aliyekutwa na kitabu ndiye aliyekichana. Fabiola alisikia. Hakulia, bali aliinama na kuanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha kali. Assia aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini mdomo wake haukufunguka.

Alipofika nyumbani alimwambia Bibi kila kitu. Bibi alitoa mikono yake kwenye unga na kuikung’uta.

“Kuchoma, nimechoma mi,” alisema. “Lakini kupasua, umepasua we. Na yule mutoto wa watu anasemwa bure. Kesho utasema mbele yao wote. Nitakusindikiza mpaka kwenye mulango, ndani utaingia peke yako.”

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Bibi alisimama mlangoni pa darasa na mtandio wake wa kijani, na Assia akaenda mbele. Alisema kwamba yeye ndiye aliyechana ukurasa, kwamba Fabiola hana kosa lolote, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa. Akaomba apewe muda hadi Ijumaa auandike upya.

“Utaandika nini?” Fabiola alimwuliza bila kumtazama. “Vipimo umevikumbuka?”

Assia hakuwa amevikumbuka. Alijua ni ndizi, unga, sukari, mayai mawili, mafuta na levire, yaani unga ule wa kuumulia keki. Kiasi cha kila kimoja kilikuwa kimeondoka na moshi.

Madamu Spès alifikiri, kisha akasema atakubali kwa sharti moja. “Niletee maelezo ya keki uliyoioka mwenyewe ikaiva. Maneno ya kubahatisha siyabandiki kwenye kitabu.”

Nyumbani kulikuwa na mayai sita, yaani keki tatu, basi. Keki ya kwanza Assia aliipika peke yake, akibahatisha. Kwa nje ilikuwa nyeusi kama sufuria yenyewe, na kwa ndani ilikuwa uji. Ya pili aliipika Bibi. Hawakuwa na tanuri kama la Tunu, lakini Bibi aliijua kazi hiyo tangu utoto wake: makaa machache chini ya sufuria, makaa mengi juu ya mfuniko. Ikatoka laini na nzuri, wakaila yote. Kisha Assia akashika kalamu na kumwuliza Bibi alitia unga kiasi gani.

“Kiasi chake,” Bibi alijibu.

“Na sukari, Bibi?”

“Ya kutosha.”

Assia aliweka kalamu chini. Angeandika konzi, lakini konzi ya nani? Kiganja cha Bibi kilikuwa mara mbili ya chake. Keki ilikuwa imeiva, naye hakuwa na neno hata moja la kuandika, na mayai yalikuwa yamebaki mawili.

Siku ya Alhamisi, baada ya masomo, alimfuata Fabiola. Alimwomba msamaha tena, safari hii wakiwa wawili tu, kisha akamweleza tatizo lake.

“Nimekasirika bado,” Fabiola alisema. “Lakini mi pia nataka ile keki. Twende.”

Fabiola ndiye aliyepata njia. Alichukua kikombe cha chai na kukikinga chini ya mkono wa Bibi, akamwomba ateke unga kama kawaida na kuumimina humo. Konzi mbili na nusu zilijaza kikombe kimoja. Wakafanya hivyo kwa sukari, na levire wakaipima kwa kijiko. Hata makaa waliyahesabu: sita chini, kumi na mawili juu. Bibi alicheka akasema wanampima kama fundi anayepima mtu kanzu, lakini kila alichoulizwa alikitoa, na Assia aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, bila uvivu.

Kisha wakamwomba Bibi aketi, mikono mapajani, asiguse chochote. Ilikuwa adhabu kubwa kwa mwanamke yule. Wasichana walifuata karatasi yao mstari kwa mstari, wakavunja mayai mawili ya mwisho, wakafunika sufuria na kutazama saa ya ukutani. Nusu saa ilipotimia Assia alifunua mfuniko. Keki ilikuwa imeumuka hadi ukingoni, rangi ya kahawia, na kijiti walichokichomeka katikati kilitoka kikavu. Wakakumbatiana. Mlangoni walisikia watu wakibisha: mafundi wawili wa karakana, mikono imejaa grisi, wakiuliza harufu hiyo inatoka wapi.

Ijumaa Bibi aliingia darasani pamoja nao. Wanafunzi walikuwa arobaini na sita, na kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa kiberiti. Mkurugenzi naye aliitwa. Alikula chake, akasoma maelezo, akauliza kama ni kweli hakuna haja ya tanuri. Kisha akasema sanduku litabaki darasani, na kwamba anaomba nakala ya karatasi ile kwa ajili ya mke wake.

Madamu Spès alibandika ukurasa mpya mahali pa ule wa zamani. “Mmemwona Assia,” aliwaambia. “Alipolificha kosa lake, mwenzake ndiye aliyeumia. Alipolikiri, akapata nafasi ya kulirekebisha, na akalirekebisha kwa kazi, si kwa maneno matupu. Kila mmoja wenu atakosea siku moja. Nataka mfanye kama alivyofanya mwishoni, si kama alivyofanya mwanzoni.”

Assia alimpelekea Bibi kitabu, akamshika kidole na kukiweka chini ya mstari wa mwisho. Akamsomea: “Imeandikwa na Assia na Fabiola. Vipimo vimetoka kwenye mikono ya Bibi Mahfudha.” Bibi aliupapasa mstari ule mara mbili, machozi yakimlengalenga, akasema jina lake linapendeza.

Jumapili Fabiola alimwokea mama yake keki nyingine, naye akaila akiwa kitandani na mtoto wake mchanga. Na jikoni kwa Bibi sheria imebadilika. Siku hizi kabla ya kuwasha imbabura huinua karatasi juu na kumwita mjukuu wake.

“Assia, njoo usome kwanza. Nisije nikachoma tena kazi ya mutu.”