Pikapu ya Shingoni

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea mlango wa tatu kutoka kwetu, hapa Mbotela, kwa Mzee Luseno, fundi wa magitaa na spika. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, shauri yako.

Ijumaa hiyo ilianza kama Ijumaa nyingine yoyote. Maji yalikuwa yametoka, akina mama wakapanga foleni ya mitungi na kuanza kusengenyana, na Luseno akafungua dirisha la chumba chake cha kazi ili moshi wa solda ya kuunganishia nyaya upate njia. Alikunywa chai. Haikuwa na ladha. Ilikuwa miezi mitatu sasa tangu kitu chochote kiwe na ladha kinywani mwake.

Miezi mitatu hiyo ilianzia kwao Vihiga, walikomzika mkewe, Aluoch. Siku mbili za kwanza Luseno alilia mpaka wanaume wanne wakamshika asijitupe kaburini. Siku ya tatu ikawa siku ya kunyoa, kama ilivyo desturi ya wafiwa kwao, na wembe ukaziangusha rasta alizozifuga miaka ishirini na miwili. Kuanzia saa ile mzee akakauka. Hakutoa chozi tena. Aliinuka pale kwenye kigoda, akaomba chai, akauliza kama kuna mtu mwenye redio mbovu ya kutengenezwa.

Watu wana macho, na wana midomo zaidi. Anyango, dada ya marehemu, ndiye aliyesema waziwazi: yale yalikuwa machozi ya mamba. Mtu anayelia siku mbili kisha anaanza kutafuta redio, alisema, anajua vizuri kilichomuua mkewe. Maneno hayo yaliingia masikioni mwa Tiffany, binti yao wa pekee, msichana wa miaka kumi na tisa, na yakakaa.

"Baba, kesho asubuhi natoka," Tiffany alimwambia Ijumaa hiyo, akiwa amesimama mlangoni na nguo zake mkononi. "Nahamia kwa Aunty Anyango, Dandora."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Beba sweta," Luseno akasema.

Binti akaenda kufunga mkoba. Luseno alijua kwamba akiondoka huyu, nyumba imekwisha. Alilijua hilo kama mtu anavyojua leo ni tarehe ngapi. Lakini halikumuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Aliomba kitu kimoja tu: alie kabla ya kesho asubuhi, mara moja, Tiffany akiona.

Mnamo saa nne akaja Owino.

Owino alikuwa mpiga gitaa, na ndiye aliyepiga muziki kwenye matanga ya Aluoch. Zamani hakuwa mpigaji wa kusifiwa. Vidole alikuwa navyo, lakini utamu haukuwepo. Ila tangu matanga yale mambo yake yalikuwa yamenyooka ghafla. Alikuwa akipiga mchana kwenye jiko moja la nyama choma pale soko la Burma, na ilisemekana akisukuma swichi kuelekea pikapu ya shingoni, kile kidude cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi karibu na shingo ya gitaa, wanaume wazima wanaweka kisu chini na kulia mpaka nyama inapoa.

"Niaje, mzee wa waya," Owino alisema, akiliweka gitaa mezani. "Nimekuletea mgonjwa. Hii pikapu ya huku chini kwa daraja, nyuzi zinapofungwa, iko poa. Lakini hii ya shingoni imeanza matope. Nyuzi nene zinashikana, sauti haitoki. Nisafishie, kesho niko na kazi."

"Nitaifungua niangalie koili, ule waya wa ndani."

"Zii!" Owino akaruka. Kisha akashusha sauti. "Usiifungue, mzee. Tafadhali. Guza nje tu."

Akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo si kawaida yake.

Luseno akaliunganisha gitaa kwa waya na amplifaya yake, ile yenye spika ndani, akaanza kazi kwa utaratibu. Pikapu ya shingoni huwa na sauti nene kwa asili yake, kwa sababu pale nyuzi hutikisika kwa upana. Ikikaa karibu sana na nyuzi, inanguruma. Kwa hiyo alilegeza skrubu mbili na kuishusha kidogo. Sauti ikafunguka. Akabadilisha kapasita iliyochoka, kipande kidogo cha kuchuja sauti. Ikafunguka zaidi. Akasafisha solda ya zamani, akaweka mpya. Sasa nyuzi nyembamba zilisikika vizuri, lakini chini yake kulibaki kitu. Mnong'ono. Kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Hakushtuka. Pikapu kuukuu, waya wake ukilegea, husikia hata sauti za watu; ukiongea mbele yake, spika inakurudishia. Dawa yake ni nta ya moto. Akainama ili ahakikishe.

"Moja," akasema. "Mbili."

"Moja," spika ikarudia kwa sauti yake. "Mbili."

Kisha, yeye akiwa amefunga mdomo, spika ikavuta kamasi.

Nje mama mmoja alikuwa akigombania mtungi. Spika ikavuta kamasi tena. Ikashusha pumzi. Ikaanza kulia.

Kilikuwa kilio cha mwanamume. Cha chini. Cha kujizuia. Luseno akaweka kiganja juu ya nyuzi zote sita. Hakuna uzi uliotikisika. Kilio kiliendelea. Aliisikiliza sauti ile kama anavyosikiliza redio ya jirani, akajiuliza ni nani huyu, na baada ya muda akamtambua. Alikuwa yeye mwenyewe.

Akazima umeme. Akachukua bisibisi na kuifungua pikapu.

Chini ya utepe mweusi kulikuwa na waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Alifungua tabaka la kwanza. La pili. La tatu halikuwa shaba. Lilikuwa nywele. Rasta nzima ilikuwa imefumuliwa, nywele zikasokotwa pamoja kama uzi na kuzungushwa kwenye sumaku, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Nyingi zilikuwa nyeusi, na kati yake mlikuwa na nyeupe. Luseno alikuwa na rasta moja tu yenye mvi, ya mbele. Akazinusa. Mafuta ya mnyonyo. Aluoch ndiye aliyempaka, kila Jumamosi, akimkemea atulie.

Akampigia Owino simu.

"Umeifungua," Owino alisema, kabla hajaulizwa.

"Nywele zangu zimefikaje humu?"

Owino akaanza kunong'ona. "Siku ya kunyoa. Walikuwa wanaenda kuzizika. Nikachukua moja. Kuna mtu aliniambia gitaa langu halina moyo, na wewe siku hizo ulikuwa na kilio cha kutosha watu kumi. Wallahi, mzee, nilidhani hata nakupunguzia."

"Nakitoa."

"Usikitoe! Huyo mtu alinionya. Kikitoka hapo kitatafuta pa kukaa."

"Kina kwao," Luseno alisema, na akakata simu.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na haraka. Kumbe hakuwa jiwe. Alikuwa ameibiwa. Kilio chake kilikuwa Burma, kikiliwa pamoja na nyama na kachumbari. Sasa angekichukua, kingemrudia, na binti angekiona kwa macho yake. Akafungua mzunguko mmoja mmoja, bila kukata hata unywele, mpaka jua likaelekea kutua. Mwishowe zikawa kiganjani mwake, donge dogo kama la pamba. Akafumba mkono. Akafumba macho. Akangoja.

Akangoja sana.

Hakikuja kitu. Alimwita Aluoch kwa jina. Jina lilitoka kavu. Akaenda nje, akachimba kwenye mkebe wa maua ulio chini ya dirisha na kuzizika pale, kwa vile Vihiga ni mbali. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi, akafunga pikapu ile kwenye mota ya cherehani anayoitumia kuzungushia koili, akaizungushia shaba mpya, akaitumbukiza ndani ya nta. Usiku alilala usingizi mzito, bila ndoto.

Jumamosi saa mbili asubuhi Owino alikuja. Alipiga pikapu ya shingoni pale pale mezani. Ilitoa sauti safi, ya mviringo, kila uzi na nafasi yake. Ilikuwa kazi bora kuliko zote ambazo Luseno aliwahi kufanya.

"Iko safi," Owino akasema. Hakumtazama usoni. "Lakini hailii."

"Hailii."

"Basi kimeenda wapi, mzee?"

Owino akatazama pembe za chumba moja baada ya nyingine, akafunga gitaa kwenye mfuko, akatoka mbio mbio.

Tiffany akaja na mkoba wake. Alikuwa amevaa ile sweta. Alisimama mbele ya baba yake muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji, na Luseno alielewa kwamba anapewa nafasi ya mwisho. Alijaribu. Wallahi alijaribu. Alikunja uso, akaminya macho. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Kwaheri, Baba."

"Kwaheri."

Mlango ukafungwa. Hatua zikashuka barazani. Moja, mbili, tatu.

Nyuma ya Luseno, mtu akalia.

Aligeuka. Amplifaya ilikuwa pale ilipokuwa jana. Plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, mbali na ukuta. Hapakuwa na gitaa. Hapakuwa na waya wowote. Spika ilikuwa inalia kwa sauti yake, na leo haikujizuia. Ililia kwa nguvu, kifua wazi, kama alivyolia kule kaburini kabla ya wembe. "Aluoch," ilisema. "Aluoch, umeniacha na mtoto."

Huko nje mkoba ukaanguka.

"Baba?" Hatua zilirudi zikikimbia. Tiffany akaegemea mlango. "Baba, ni wewe?"

Spika ikalia zaidi. Luseno alisimama katikati ya chumba, mdomo umefungwa, macho makavu.

"Lia tu, Baba," Tiffany alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza. "Siendi. Sikia, siendi popote. Nilidhani hukumpenda."

Angeweza kufungua mlango wakati huo na kumwonyesha. Hakufanya hivyo. Alingoja kilio kiishe, na kilipopungua akaikaribia amplifaya. Kitambaa cha mbele ya spika kilikuwa kimelowa chepechepe. Akakigusa kwa kidole, akaonja. Chumvi.

Nje binti alikuwa akimwita. Luseno akapiga magoti. Akabandika uso wake kwenye kitambaa kile, shavu hili, kisha lile, kama mtu anayenawa. Akainuka, maji yakimtiririka mpaka kidevuni, akafungua mlango.

Tiffany akamrukia. Akamkumbatia, akamfuta uso kwa kiganja chake cha kulia, polepole, kama anavyofutwa mtoto. Kisha mkono ukasita.

"Mbona machozi yako ni baridi hivi, Baba?"

"Ni asubuhi," Luseno akasema.

Tiffany hakuhama. Amani ikarudi nyumbani, na Anyango mwenyewe akaja kuomba msamaha. Jumapili ya juma lililofuata nilialikwa kula. Tiffany alikuwa jikoni akitusimulia mambo ya kanisani, anacheka, na sufuria ya maharagwe ilikuwa ikitokota kwenye makaa. Akaiinua kwa mkono wa kulia, ule uliomfuta baba yake machozi, mtupu, bila kitambaa, kiganja chini ya tako lenye moto. Harufu ya ngozi inayoungua ilitufikia kabla ya neno. Luseno akasimama. Msichana alituletea sufuria mpaka mezani, akaendelea na hadithi yake kana kwamba mkono ule hausikii moto, akauliza nani anataka pilipili.