Mipira ya Milango

Jumamosi ilikuwa siku ya sauna, yaani kuoga kwa mvuke, na baada ya sauna yalibaki maji ya moto kwenye pipa. Kumwaga maji yaliyochemshwa kwa kuni ulizopasua mwenyewe ni jambo ambalo watu wa Sodankylä, kaskazini mwa Ufini, hawaliwezi. Kwa hiyo Vilja, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa ndoo, brashi na matambara aoshe gari la mama yake. Baridi ilikuwa imelegea siku hiyo, theluji imegeuka tope, na gari lilijaa hadi madirishani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

“Ukimaliza, kausha ile mipira inayozunguka milango yote,” mama aliagiza, amejilaza kwenye kochi na soksi moja mguuni. “Halafu uipake glisirini isigandane na milango. Usiache hata mlango mmoja, mwanangu.”

Mama yake, Tuulikki, alikuwa muuguzi wa kuwazungukia wazee majumbani. Mwenzake aliugua, na kwa wiki ya tatu sasa alifanya zamu za watu wawili. Alikuwa na uchovu ule ambao hauishi kwa kulala. Vilja naye alichoka. Ndiye aliyepika siku hizo, akafagia theluji na kupasua kuni.

Aliosha gari vizuri, hilo tusimnyime. Lakini ilipofika zamu ya mipira, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akaona hali ya hewa ni ya upole tu, kitaganda kitu gani? Akatupa matambara ndani ya ndoo, akaingia ndani. Mama alipouliza, alijibu bila kupepesa macho kwamba amekausha yote na kupaka.

Jumapili mawingu yaliondoka na baridi ikarudi. Jumatatu alfajiri kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.

Mama alitoka saa kumi na mbili, akachomoa waya wa umeme uliopasha injini joto usiku, akavuta mlango wa dereva. Haukusogea. Akajaribu mwingine, nao vilevile. Vilja alikuwa nyuma yake na mkoba wa shule.

“Mipira umeikausha, basi kilichoganda ni kufuli la mlango,” mama alisema, akarudi ndani kutafuta mafuta ya kufuli.

Kilomita kumi na nane kutoka hapo aliishi Mzee Eevertti. Alikuwa na kisukari, na macho yake hayakuona tena alama za sindano. Kila asubuhi alimngoja Tuulikki amchome insulini ndipo ale. Mama alimpigia simu akamwambia amsubiri, atachelewa kidogo. Kisha akapasha ufunguo kwa kiberiti, akadondosha mafuta kwenye tundu, akapuliza, akarudia. Dakika ishirini zikapita hivyo. Alivua glavu ili ashike vizuri, na vidole vyake vikawa vyeupe kwenye ncha.

Vilja aliwaza birika la maji ya moto, lakini kule hata mtoto wa chekechea anajua kwamba maji hayo hupasua kioo na kuganda upya. Akaviangalia vile vidole. Aliona aibu.

“Mama, si kufuli,” alisema. “Sikukausha mipira. Nilikudanganya.”

Mama alimtazama. Alionekana kama mtu anayetafuta nguvu za kugomba na kuzikosa. “Weka mkoba chini,” alisema. “Njoo tusukume. Usivute, utachana mpira.”

Wakaegemeza nyonga zao kwenye mlango na kusukuma kwa ndani, ukingo hadi ukingo, mpaka barafu ikaanza kulia. Wa dereva ulikataa kabisa. Wa nyuma kushoto ndio uliokubali, na mama akapenya na koti lake nene, akapanda juu ya viti hadi kwenye usukani. Akaondoka bila kuaga.

Alirudi saa tisa alasiri, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Vilja aliuliza kwa sauti ndogo kama mzee alikuwa salama.

“Salama. Nilimkuta mezani, ameshika kijiko, uji umepoa mbele yake. Hakuugusa kwa sababu nilimwambia anisubiri, na yeye huniamini.” Mama alisugua macho. “Milango kuganda si tabu, Vilja. Ungeniambia tangu mwanzo, tungesukuma tukamaliza. Mimi nilihangaika na kufuli zima kwa sababu niliamini neno lako, na yule mzee akakaa na njaa. Ukichoka, niambie umechoka. Hilo naliweza. Uongo ndio siuwezi.”

Vilja aliomba ampigie mzee. Mama akamsogezea simu.

“Babu, ni Vilja. Mimi ndiye niliyekuchelewesha leo. Sikufanya kazi yangu, halafu nikasema nimefanya.”

“Mama yako aliniambia kosa ni lake,” Mzee Eevertti alisema. “Aliniomba radhi mara mbili. Afadhali umesema, binti, maana nusura nimwamini.”

Vilja aligeuka kumtazama mama yake. Alikuwa ameshalala, kichwa kwenye meza, viatu miguuni. Vilja akapiga magoti na kuanza kumfungua kamba za viatu.