Kijiko Chenye Tundu

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Kigoma wakati Lugembe alipobeba shoka, mshipi wa kuvulia, ndoana na msumari, akatoka nyuma ya kambi ya reli ya Kaliua kwenda kutafuta kambale mmoja. Mmoja tu. Binti yake Flavia, wa miaka sita, alikuwa amepona homa lakini chakula kilikuwa kimemshinda kabisa. Siku ya nne hiyo. Uji anautema, ugali hautazami. Mchana ule alikuwa amemvuta mama yake kanga, akasema anataka mchuzi wa samaki, na Benedikta akaenda mbio kumweleza mumewe.

Basi Lugembe akaenda. Miaka ile reli ya Mpanda ilikuwa bado mpya, na Mzungu mmoja mpima njia alikuwa amemfundisha uvuvi wa ajabu. Unachukua kijiko cha kulia, unakata mpini, unatoboa matundu mawili kwa msumari. Tundu moja la mshipi, tundu jingine la ndoana. Chambo hakuna. Samaki anaona kitu kinachometameta na kuyumba majini, anadhani ni dagaa mgonjwa, anakivamia. Watu wa kambini walimcheka mpaka siku aliyorudi na kambale watatu begani. Tangu hapo wakaanza kuficha vijiko vyao, maana Lugembe hakuwa na haya.

Alijua pia kuvichagua. Cha bati jeupe ni cha asubuhi, maji yakiwa wazi na jua likiwaka. Jioni, chini ya matete, maji yakiwa meusi, cheupe kinawatisha samaki. Hapo panataka shaba. Na kijiko chake cha shaba kilikuwa kimekwenda na samaki wiki iliyopita. Mfukoni alikuwa na cha bati, akijua wazi kwamba hakifai, na jambo hilo lilimkera njia nzima.

Njia yenyewe ilikuwa ile ya zamani, ya misafara ya pembe za ndovu. Siku hizi ilikuwa imebaki uchochoro wa nyasi. Karibu na bwawa palikuwa na kifusi cha mawe kando ya njia, na juu ya mawe kitu kiling'aa.

Kijiko.

Cha shaba, cha kizamani. Na penye ncha kilikuwa na tundu moja, tayari.

Mtu mwingine angejiuliza. Lugembe alikuwa amezaliwa na kukulia kambi za reli, mambo ya vijijini aliyasikia kwa mbali. Alivua kofia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa! Akakata mpini kwa shoka, akautupa majanini. Akaweka kijiko juu ya jiwe, akagonga msumari, akatoboa tundu la pili, la mshipi.

Bwawani matete yameshikana yakaelea, mtu anatembea juu yake, nayo yanabonyea chini ya miguu. Lugembe alipiga hatua kumi na tano, akakata tundu kwa shoka, akachuchumaa, akashusha kijiko. Inua shibiri moja. Achia. Subiri. Inua... achia... subiri.

Ndipo aliposikia harufu. Uji wa mtama, unachemka. Katikati ya bwawa!

Matete yakabonyea nyuma yake.

Yakabonyea tena, karibu zaidi.

Alitaka kugeuka, lakini kambale akakivamia kijiko, mkono ukavutwa hadi kiwiko, na kwa muda huo hakuna alichowaza isipokuwa Flavia. Alimtoa mzima, mnene, akampiga kisogoni. Ilikuwa furaha tupu. Akashusha kijiko tena, kwa tamaa tu, huo ndio ukweli wake.

"Umekula?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. Lugembe aligeuka. Hatua tano nyuma yake alisimama mwanamume mwembamba, kichwani kabeba mzigo uliofungwa kwa kamba za magome. Miguu yake ilikuwa imezama majini hadi magotini, ilhali matete pale yalikuwa mazima.

"Bado," Lugembe alijibu. Ulimi ulijibu wenyewe.

"Na mimi bado," mtu yule akanong'ona.

Mshipi ukavutwa kutoka chini. Shibiri moja. Ukaachiwa. Ukatulia. Ukavutwa tena... mpaka ukakatika. Lugembe akamkumbatia samaki wake, akakimbia, na hakutazama nyuma mpaka alipoziona taa za stesheni.

Flavia alikula. Alikula mchuzi, akala nyama, akalamba sahani. Benedikta alilia waziwazi kwa furaha. Kisha mtoto akainua macho.

"Mimi bado," alisema.

Wakampa ugali. Akaumaliza. "Mimi bado." Wakampa viazi, wakampa karanga. Asubuhi mashavu yake yalikuwa yamebonyea kuliko jana. Lugembe hakuweza kuvumilia. Akamwambia mkewe yote: kijiko, mawe, tundu, mtu mwenye mzigo.

Babu yake Benedikta alikuwa mpagazi, mbeba mizigo wa misafara ile, na Benedikta mambo hayo aliyajua. Alikaa chini.

"Baba Flavia, lile ni kaburi la mpagazi. Kwetu mtu akifa, kijiko chake kinatobolewa tundu moja, kinawekwa juu yake. Tundu moja, mfu mmoja, ili mwingine asile nacho. Kitafute, ukirudishe leo."

"Kimezama."

"Kitafute!"

Alitafuta kutwa nzima. Alifunga ndoana nne pamoja, akazishusha katika tundu lile lile, akakwangua tope mpaka viganja vikachanika. Alisali, akatukana, akasali tena. Jua lilipoanza kushuka, ndoana zilishika kitu kidogo, chepesi. Akakivuta polepole.

Kilikuwa kijiko kile cha kaburini.

Ndani yake kulikuwa na karanga za kuchemsha, pamoja na kipande cha kiazi.

Vya moto.

Alikimbia navyo nyumbani, kwa kuwa hakujua maneno ya kusema kaburini, na Benedikta aliyajua. Mpini alikuwa ameuokota majanini. Flavia alikuwa ndani, kitandani, na bakuli la saba. Benedikta alikichukua kijiko mlangoni, akakipangusa kwa kanga, akakiinua mbele ya taa ya chemli ili akitazame vizuri.

Mwanga ukapenya. Ukutani zikaonekana nukta mbili.

Benedikta alizihesabu kwa kidole.

"Hii moja ni ya mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Na hii?"

"Nilitoboa mimi. Ya mshipi."

"Kwenye kijiko cha kaburi?"

"Sikujua, mama Flavia. Wallahi sikujua!"

Benedikta alisogeza kijiko karibu na taa, na zile nukta mbili zikakua ukutani.

"Ya kwanza walimtobolea mpagazi," alisema. "Hii ya pili umemtobolea nani?"

Lugembe aligeuka kutazama ndani. Ndani, bakuli liliwekwa chini taratibu, na sauti ya mtoto ikatoka, ya chini, ya mtu aliyechoka, kama ile ya bwawani.

"Mama... nimeshiba."