Nadhiri ya Mfaume

Mfaume alijichoma sindano kidoleni baada ya adhuhuri, na magharibi ilipoingia damu ilikuwa bado inatoka. Fundi cherehani hujichoma kila leo, hunyonya kidole na kazi ikaendelea. Siku ile alilowesha kanga mbili za mkewe, Tunu.

Hospitali walijua sababu, au walidhani wanaijua. Binti yao Tatu alikuwa na saratani ya damu, na baba mtu ndiye aliyekuwa akimtolea zile chembe zinazogandisha damu: mashine inazichuja, damu inayobaki inarudishwa mwilini kwa mtoaji. Kila alipoongezewa, Tatu aliinuka akaomba uji. Baba gani angeacha?

"Baba Tatu, chembe zako zimeshuka mno," alisema nesi Advera, akiitazama mikono ya Mfaume iliyovilia damu. "Wanaotoa mara kwa mara hupungukiwa kidogo, halafu mwili unazirudisha baada ya siku chache. Zako hazirudi. Hatukutoi chembe tena."

"Na mwanangu?"

"Tunamtafutia mtu mwingine. Wewe pumzika."

Alipumzika. Chembe hazikurudi. Nyumba yao ya mtaa wa Ipuli ikaanza kunuka jasho la watu wengi na tumbaku mbichi, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi. Kisha Tunu akasikia miguu ikipita uani, miguu isiyo na haraka, ya watu waliobeba mizigo mizito, na mbele yao kengele ndogo, na kila kengele ilipolia mumewe alitokwa na damu puani akiwa amekaa tu kwenye cherehani yake, na Tunu alipokimbilia kitambaa na kuinama apanguse sakafu hakukuta hata tone, ila unyevunyevu wa mahali palipolambwa.

Akamwita Shehe Omari, mganga wa kitabu. Shehe alifukiza ubani, akasoma, akakatiza katikati.

"Mfaume, uliweka nadhiri?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliweka, Shehe. Kwenye kile kisima cha zamani, njia ya misafara, siku Tatu alipolazwa. Nilichoma ubani nikasema damu yangu ichukuliwe mpaka mwanangu apone."

"Ulisema unamwekea nani?"

Mfaume aliinamisha kichwa. Alikuwa akilia siku ile, maskini. Jina la Mungu hakulitaja.

"Basi amepokea aliyekuwapo," alisema Shehe. "Wapagazi walikuwa wakifia pale. Aliyekuwa akiwanywa bado yupo, na siwezi kumfukuza uliyemwalika mwenyewe. Tuombe mtoto apone upesi, nadhiri iishe."

"Na kama huyo hataki mtoto apone?" Tunu alinong'ona.

Shehe alifunika chetezo, akaomba viatu vyake.

Tatu alifariki Ijumaa, akiwa ameshika kidole cha mama yake. Uchungu ule hauelezeki. Lakini katikati ya matanga Tunu alijipa moyo kwa wazo moja, akalionea haya: sasa mume wangu ataachwa.

Wakati wa hitima, wanaume wakiwa wanasoma, kengele ililia uani. Tunu alikwenda mpaka mlangoni. Mfaume alikuwa amekaa mkekani, kifua cha kanzu kimelowa damu, wala hajifuti.

"Mama Tatu," alisema taratibu, "nilisema mpaka apone."

Tunu akapiga magoti mkekani, akamkandamiza kanga puani. Mtoto hakupona, na sasa hangepona kamwe.