Hodi Katika Nyumba Tupu

Chumba cha kaskazini kilikataa kupimika. Asubuhi Harub alikipima futi kumi na nane, adhuhuri kikawa kumi na saba, na kamba ya kupimia ni ile ile. Alijicheka, akafuta, akaandika upya.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1970. Waomani wa Unguja walikuwa wanarudi Omani, na Harub, mmoja wao, mchoraji wa ramani za majengo, alipewa nyumba kongwe ya tajiri mmoja ndani ya kuta za Maskati aichore, igeuzwe maktaba ya watu wote. Ilimpendeza mno. Kuta nene za mawe, vidaka safu kwa safu utadhani vilikuwa vinangoja vitabu, na dari ya boriti za mikoko zilizovushwa bahari kutoka pwani ya kwao. Labda ndiyo maana akajisahau. Alipokuta mlango wa chumba kile umerudishwa, alivua viatu akasema kama alivyolelewa: "Hodi!"

"Karibu," ikamjibu sauti laini, ya Kiunguja safi.

Akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya matope ya mikokoni, katika mji ambao haujaona mvua mwaka mzima.

Mzee Suud, mwashi wa nyumba ile, alipohadithiwa alishika kichwa. "Umebisha hodi nyumba tupu, mwanangu? Nyumba tupu huingiwa kwa bismillahi na salamu! Aliyekuja na boriti hizi yumo tangu enzi za babu zetu, hana aliyemjali. Wewe umemzuru. Sasa naye atakuzuru."

"Nifanye nini, mzee?"

"Atabisha siku tatu. Nnakwambia, asiitikiwe. Akiambiwa karibu, mmoja wenu ni wake. Na mpaka zipite hizo tatu, asikanyage mtu chumba kile."

Rahisi kusema. Nyumbani kwao Matrah, mji wa jirani, alikuwepo Bi Shaikha, mama yake, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuiacha hodi ikaanguka chini. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo kauli yake kila siku. Na kwa miaka sita, tangu mapinduzi yawatenganishe, kila hodi aliidhania ya Bakhit, kitinda mimba wake aliyebaki Unguja. Harub alimweleza yote, akamwapisha. Mama aliapa huku analia.

Siku ya kwanza, jua la utosi, harufu ya matope ilitangulia. Kisha hodi, kwa sauti ya mwanamke. Midomo ya Bi Shaikha ilifunguka yenyewe, Harub akaiziba kwa kiganja. Siku ya pili matope yalinuka tena, na hodi ikaja kwa sauti ya marehemu dada yake mama, ikimwita kwa jina la utotoni.

Siku ya tatu ikaja: "Hodi! Hodi wenyewe! Mama, ni mimi Bakhit, nimefika, nifungulieni!" na Bi Shaikha akaruka kama msichana, Harub akamdaka kiunoni, akamziba mdomo, mama akamng'ata mpaka damu, naye hakumwachia, analia kuliko yeye, maana sauti ile aliijua, ndiye aliyeifundisha kusoma, na bado akaishikilia ile midomo ya mama yake mpaka mlango ukachoka kubishwa na nyayo zikapotelea kichochoroni.

"Umeninyima mwanangu," mama akasema.

"Si yeye, mama. Imekwisha. Alhamdulillahi."

Alasiri jirani yao Aliya akaingia na sahani ya halua. "Hongera ya mgeni, Bi Shaikha! Maskini Bakhit, na sanduku lake la bati, kabisha hapa hakujibiwa. Nikamwambia kaka yake yuko kazini, nikamwelekeza ile nyumba ya vitabu."

Hapo ndipo Harub alipokumbuka kwamba leo hapakunuka matope.

Alikimbia peku kutoka Matrah mpaka Maskati, watu wanampisha njia. Mzee Suud alikuwa msikitini. Ukumbini palikuwa na sanduku la bati. Akapanda ngazi kwa magoti na mikono, na kila alivyopanda kidato ndivyo harufu ilivyozidi, na juu, mbele ya chumba cha kaskazini, akakuta viatu vimepangwa vizuri, kama walivyolelewa wote wawili, na mlango umerudishwa.

"Bakhit!"

Akasukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Aliita mpaka sauti ikakauka. Ilibaki njia moja tu, naye aliijua.

"Hodi," akanong'ona.

"Karibu, kaka," ikamjibu sauti ya Bakhit.